Mtoto Asiye na Jina

Alikuwa wa mwisho. Januari 2000, katika milima ya Pyrenees upande wa Hispania, mti ulimwangukia mbuzi-mwitu jike aliyeitwa Celia. Ukoo mzima wa mbuzi wale, bucardo, ukaishia chini ya shina hilo.

Uliisha kweli? Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamemnasa, wakamkata kipande kidogo cha ngozi ya sikio, wakamwacha arudi majabalini. Seli za ngozi ile zikagandishwa. Mwenyewe akafa, ngozi ikangoja.

Kiini cha seli kikatiwa ndani ya yai la mbuzi wa kufugwa, yai lililokwisha kutolewa kiini chake. Majaribio yakawa mengi, mimba chache, na Julai 2003 akazaliwa mmoja tu, kwa upasuaji. Pafu lake lilikuwa na nyama ya ziada. Alipigania pumzi dakika chache, akafa.

Husemwa kwamba bucardo ametoweka mara mbili. Kila nikiisikia kauli hiyo hujiuliza: wa pili huyo alikuwa nani? Celia aliijua theluji, aliujua upweke. Huyu hakuwahi hata kusimama. Tulimwita marejeo ya mwenziwe. Jina lake mwenyewe hatukumpa.

Kwetu mjukuu hupewa jina la bibi aliyefariki. Anapoitwa, kwa nukta moja ni kana kwamba marehemu ameitika. Lakini jina tumempa, maisha tumemwachia. Nani amdai mtoto awe yule tuliyemzika?

Elimu hii ya kunakili viumbe siibezi. Mkulima anayetoa chipukizi shinani na kulipanda kando anapanda mgomba uleule, na vizazi vimekula kwa njia hiyo. Ingawa ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote. Na kondoo Dolly, nakala iliyozaliwa Uskoti mwaka 1996, aliishi zaidi ya miaka sita, akazaa wana ambao hawakuwa nakala ya yeyote.

Yule mbuzi, hata angeishi, angepanda mlima na nani? Dume hakuna. Mama wa kumwonyesha njia hakuna. Waliompunguzia ukoo wake kwa bunduki walikwishakufa zamani, na sisi tuliorithi hatia yao tulitamani ifutike. Yawezekana hicho ndicho tulichokitafuta ndani ya lile yai. Kama ndivyo, tulipata wapi haki ya kumleta mwingine duniani aje alipe deni la aliyekufa?