Ng'ambo ya Likoni, kwa Mwalimu Mkuu

UKITAKA kuwajua watu wa Likoni, msomaji, usivuke na gari. Panda feri kwa miguu saa za jioni, pamoja na makuli, wauza nguo, akina mama wenye vikapu na wanafunzi waliojitwika mabegi. Hapo bega hugusana na bega, na kila mtu hutazama mbele akiomba lango lifunguliwe upesi afike kwake. Ndivyo nilivyovuka majuzi kwenda kumwamkia dadangu mkubwa, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya umma huko ng'ambo.

Ukishuka feri unawapita wauza mahamri, viazi karai na mabuyu, kisha unachukua tuktuk hadi Timbwani. Nilimkuta dadangu barazani, miwani puani, akipekua daftari kuukuu la mahudhurio. Lilikuwa la mwaka 2020. Walimu walikuwa wakisafisha bohari ya shule, naye akashindwa kuliona likichomwa moto.

Sisi wa Mombasa tumezoea kusema "bara" kana kwamba ni mahali pamoja, ilhali kila upande una mlango wake. Likoni ni feri, Kisauni ni daraja la Nyali, na Changamwe ni kupitia Makupa. Siku za kawaida hatulijali jambo hilo. Mwaka ule wa korona ndipo tulipojua kwamba maisha yetu yote yamening'inia kwenye milango hiyo mitatu.

Amri ya kufunga shule ilitolewa Machi 15, 2020, siku mbili tu baada ya serikali kutangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Machi 27 kafyu ikaanza, na alasiri hiyo pale feri polisi waliwapiga na kuwarushia gesi ya kutoa machozi watu waliokuwa wakingoja kuvuka kabla ya saa moja usiku. Aprili 8 kaunti nzima ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, mpaka Julai. Tangu Aprili 29, 1994, feri ilipozama Mtongwe na kuua watu 272, watu wa Likoni walikuwa wakiogopa maji. Sasa walitakiwa kumwogopa jirani wa kiti cha pili.

Shule imefungwa, lakini mwalimu mkuu hafungwi. Mzazi aliyeachishwa kazi hotelini alimpigia dadangu kuuliza kama kuna unga wowote unaogawanywa. Mwalimu kijana wa Mlaleo, Kisauni, aliyeajiriwa na halmashauri ya shule na si serikali, alikosa mshahara tangu siku lango lilipofungwa. Akaenda kuuza mchicha katika soko la Kongowea. Dadangu, ambaye mshahara wake wa serikali haukukatika, aliona haya kila alipompigia, lakini hakuacha kumpigia.

Nyumbani nako mambo yalikuwa hayo hayo. Shemeji yangu ni karani wa mizigo bandarini, na bandari haikufungwa. Kwa kuogopa kuleta maradhi, alihamia kwa nduguye Chaani, Changamwe, akawa anakuja Jumamosi na kuzungumza na watoto akiwa amesimama uani. Mama yetu naye anakaa Mji wa Kale. Mei 6, katikati ya Ramadhani, mtaa huo ulifungwa peke yake. Dadangu, ambaye hajapata kukosa kumpelekea mama futari, alibaki kumwamkia kwa simu, na Idi ikatupita hivyo hivyo.

Oktoba 12 watoto wa darasa la nne na la nane walirudi. Madawati mengine yalitolewa nje, chini ya mwembe, ili kila mtoto apate nafasi yake. Mwezi huo huo habari zikavuka maji kwamba mwalimu mkuu wa shule ya upili ya Tononoka, huko kisiwani, amefariki kwa korona. Dadangu anasema usiku ule hakulala, na alfajiri alivaa barakoa akaenda kazini.

Kilichomtesa zaidi ni madawati matupu. Akalichukua daftari hilo akaanza kuzunguka, Timbwani hadi Bofu hadi Mtongwe, akiuliza nyumba kwa nyumba. Mvulana mmoja alimkuta anabeba mizigo, akakataa katakata kurudi. Msichana mmoja alikuwa mjamzito na amefichwa chumbani. Dadangu alikaa na mama wa yule binti kutwa nzima, akimweleza kwamba sheria ya shule haimfukuzi. Msichana alirudi, na Machi 2021 akaufanya mtihani wa KCPE pamoja na wenzake. Pembeni mwa jina lake daftarini pana alama ndogo ya penseli.

Hapo dadangu akanyamaza. Mwaka ule mwanawe mwenyewe alikuwa darasa la nane, shule nyingine. Nyumba ilikuwa na simu moja ya kusomea, na simu hiyo ilishikwa na wazazi wa watoto wa watu kuanzia asubuhi hadi usiku. Masomo ya redioni aliyasikiliza peke yake, na mama hakumuuliza ameelewa nini. Mtihani haukumwendea vizuri.

"Jina lake halimo humu," dadangu aliniambia akilifunga daftari. "Lingekuwamo, ningemwona."

Nilitaka kumwambia kwamba mganga hajigangi, nikaona methali haitoshi. Mwana mwenyewe alitokea ndani, kijana mrefu sasa, ambaye hutengeneza simu za watu pale Mbuyuni. Alimwondolea mama yake kikombe, akalichukua lile daftari akaenda kuliweka kabatini pamoja na vitabu vya nyumbani, pasi na kuulizwa. Kisha akanisindikiza hadi feri.

Njiani nilimuuliza kama ana kinyongo na mamake. Alicheka. Akasema mwaka ule alijua mama yuko wapi kila saa, kwa kuwa alimsikia akizungumza kwenye simu ukutani mwa pili. Wenzake wengi hawakuwa na bahati hiyo.

Msomaji, ukivuka Likoni na ukamjua mwalimu yeyote aliyekesha na watoto wa wenzake mwaka ule, muulize na hali ya watoto wake. Sidhani kama wengi wamewahi kuulizwa.