Mifupa inaniluma

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 12, na Kifaransa changu kilinipa kiburi. Mama mdogo alifanya kazi katika nyumba moja ya mayatima hapa Likasi. Siku moja akanichukua nikatafsiri: mtoto wa miaka 4 alikuwa amepata wazazi Ufaransa, na munganga aliyekuja kumchunguza, mtu wa Kinshasa, hakujua Kiswahili.

Munganga akauliza anaumwa wapi. Mtoto akashika mikono yake: "Mifupa inaniluma." Nikatafsiri: amechoka. Sikudanganya. Nkambo alisema hivyohivyo kila jioni akitoka shambani, na kwetu maana yake ilikuwa hiyo. Neno langu likaingia kwenye faili.

Wakapima UKIMWI, homa ya ini, kifua kikuu. SS, ugonjwa ambao Watanzania wanauita selimundu, haukutafutwa, ingawa nchini mwetu mtoto 1 hadi 2 kwa kila 100 huzaliwa nao. Mtoto aliyechoka hamshtui mtu.

Kisha, tarehe 25 Septemba 2013, idara ya uhamiaji, DGM, ikasimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni. Faili zikalala. Wazazi wakatuma nguo, nguo zikawa ndogo. Juni iliyofuata, kwenye baridi ya kiangazi, mikono ya yule mtoto ikavimba, akalia usiku kucha. Damu ikapimwa: SS.

Mama mdogo hakunilaumu. Hilo liliniuma zaidi.

Darasani tunafundishwa kwamba "luma" yetu imehifadhi sauti ya kale ya Kibantu ambayo Kiswahili sanifu kimeidondosha katika "uma". Sawa. Lakini neno hilo ni la jino pia, si la maumivu tu. Mtoto alitaja meno. Mimi nikasikia msemo wa nkambo.

Wazazi waliambiwa. Hawakurudi nyuma, waliuliza tu dawa gani waandae. Februari 2016 serikali iliporuhusu watoto zaidi ya 150 kuondoka, wetu alikuwamo. Kabla ya safari alichunguzwa upya na munganga wa hapahapa, bila mkalimani. Mimi nilisimama mlangoni.

"Inalumaka namna gani?"

Mtoto akafikiri. "Sawa vile imbwa."

Munganga akaandika hivyohivyo, kwa Kiswahili, na Kifaransa chini yake.