Pampu Mbili
Nyumbani kwangu Mombasa nalifuga samaki wanne katika tangi la kioo lenye maji ya bahari. Chombo cha kutolea povu kilitawanya mapovu madogo majini. Uchafu ulioyeyuka ukashikamana nayo, ukapanda, ukamwagika kikombeni. Pampu yake ilitumia umeme geu, yaani ule wa ukutani: imara, rahisi, lakini haikujua ila mwendo mmoja. Usiku mmoja umeme ulikatika. Alfajiri nalikuta samaki wawili wanaelea, wamekufa kwa kukosa hewa. Nikanunua pampu ya umeme mnyoofu, uendao upande mmoja, wa volti 24. Bei ilinichoma, na kidhibiti chake, nakiri, ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Walakini mwendo wake hupunguzwa nipendavyo, na umeme ukikatika, betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo huiendesha mpaka asubuhi.