Kamba ya Kuanikia

Baba alistaafu mwaka 2011, na haikupita wiki mbili nyumba ikawa ndogo. Alfajiri alikuwa ameshanyoa ndevu na kuvaa shati la ofisini, amekaa sebuleni hana pa kwenda. Kila mgeni aliyeingia aliulizwa habari za foleni ya Barabara ya Kilwa. Mama ni fundi cherehani, na sebule hiyohiyo ndiyo ilikuwa karakana yake. Ndiye aliyesema: "Baba watoto, si uende ukatazame shamba la marehemu mzee?" Mpaka leo anakana, lakini sisi tunajua alichotaka ni nafasi ya kukatia vitambaa vyake.

Shamba lenyewe ni ekari nne huko Mkuranga, upande wa njia ya Kisiju. Babu alifariki mwaka 2006 na tangu hapo hakuna mtu aliyetia jembe. Tulikwenda watu watano, daladala kutoka Rangi Tatu hadi Mkuranga mjini, kisha bodaboda. Kibanda cha babu kilikuwa kimelala ubavu, nguzo zimeliwa na mchwa. Mikorosho ilikuwa imeshikana matawi hata chini pakawa giza saa sita mchana. Mdogo wangu wa mwisho aliingia kwenye upupu, akajikuna hadi tunarudi Mbagala. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakunja gauni lake asiguse chochote, akasema hapo yeye harudi.

Baba alikuwa amefanya kazi ya ukarani miaka thelathini, kwa hiyo alikwenda na daftari. Alichora safu kwa rula. Mwaka wa kwanza, kufyeka. Mwaka wa pili, matikiti. Mwaka wa tatu aliandika neno moja tu, "Faida", akalipigia mstari chini. Enzi hizo jiji lote lilikuwa likilima matikiti kwenye karatasi. Watu walizidisha idadi ya mashimo kwa idadi ya matunda kwa bei ya sokoni, wakanunua na gari kichwani. Ya kwetu nitayasema kwa ufupi, maana hata leo baba hapendi yatajwe. Maji ya kisima yalikauka Septemba, ngedere wakala yaliyobaki, na tikiti tuliloleta nyumbani lilikuwa moja.

Kilichotuumiza zaidi ni kufyeka, kazi tuliyoifanya kwa bidii kuliko zote.

Mikorosho ya babu ilijaa maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani yawe kiota. Ukigusa tawi wanakushukia shingoni, na jina lao linakueleza utakavyojisikia. Vibarua wawili waliacha kazi kwa sababu yao. Baba akauliza dukani dawa inayoua kila kitu, akauziwa. Tukapuliza. Viota vya juu tukavichoma kwa mwenge wa makuti. Kisha tukapogoa miti, kila mmoja usimame peke yake, jua lifike chini. Jioni baba alisimama katikati ya shamba mikono kiunoni, na lazima nikiri, lilipendeza. Lilifanana na shamba la kwenye kalenda.

Mwaka uliofuata minazi ikaanza kudondosha vidaka. Asubuhi tulikuta vimetapakaa chini, vidogo kama ngumi ya mtoto, vina alama ya utomvu uliokauka. Nazi ina safari yake: kidaka kiwe kitale, kitale kiwe dafu, dafu liwe koroma, ndipo upate nazi. Zetu zilikuwa zikifia kituo cha kwanza. Korosho changa nazo zilisinyaa zikawa nyeusi. Baba alidhani ni ukame, kisha akadhani ni mbolea, na baadaye kidogo akaanza kumtazama vibaya jirani.

Jirani huyo ni mzee aliyelima na babu tangu ujanani. Alikuwa amekaa kimya mwaka mzima, na hilo lilinikera nilipojua. Nilipomuuliza, "Shikamoo babu, mbona hukutuambia?" alijibu: "Marahaba. Mlikuja na daftari. Mwenye daftari haulizi." Akatuonyesha mdudu mmoja wa kahawia, mwembamba, mwenye mdomo kama sindano, anayefyonza vidaka na korosho changa. Anayemla mdudu huyo ni maji moto. Babu hakuwaacha kwa uvivu. Aliwatunza, na matawi yaliyoshikana, tuliyoyaona ni pori, ndiyo yalikuwa barabara yao ya kutoka mti hadi mti. Kupogoa kwenyewe hakukuwa kosa, mikorosho inataka jua. Kosa ni kuvunja njia bila kujenga nyingine.

"Sasa tunawarudishaje?" baba akauliza, safari hii bila daftari.

Mzee alitupa viota vya mchungwa wake. Tulivikata kabla ya jua kuchomoza, wenyewe wakiwa ndani, tukavitia kwenye viroba na kuvifunga mdomo. Alisisitiza jambo moja: tuchukue vya ukoo mmoja tu. Ukichanganya viota vya koo mbili wanapigana mpaka wamalizane. Tukavitundika kwenye mikorosho mitano ya katikati. Ili waweze kusafiri, ilibidi tuunganishe miti kwa kamba, na kamba tulizokuwa nazo hazikufika nusu.

Mama alikuwa amekuja siku hiyo kwa sababu ya arusi kijijini, wala si kwa ajili ya shamba. Jumamosi iliyofuata alishuka kwenye bodaboda na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kamba yake ya kuanikia nguo, ile ya nailoni ya kijani iliyokuwa uani kwetu tangu nikiwa darasa la tatu. Alituamuru tuifunge kutoka mkorosho wa kisima hadi mnazi wa kwanza, akarudi kwenye ndoo yake.

Akakaa hapo karibu saa mbili akitazama. Alituita tuone: kundi moja linavuta kingo za majani mawili mpaka zikutane, halafu wengine wanaleta funza wao wadogo, wamewashika mdomoni, wanawapitisha huku na huku, na funza wanatoa uzi. "Tazameni bobini zao," alisema. "Hawa mafundi wenzangu."

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi, na baada ya muda nikagundua maswali ya vibarua yanakwenda kwake. Mwaka 2014 tulijenga vyumba viwili vya tofali za saruji na bati. Mwaka huohuo bwana shamba wa kata alitufundisha kubebesha mikorosho mizee: unaukata mti ubaki kisiki, unangoja machipukizi, kisha unapachika kikonyo cha mti unaozaa vizuri na kukifunga kwa utepe wa nailoni. Baba alibebesha kumi, vikashika viwili. Mama alibebesha kumi, vikashika vinane. Alikaza utepe kwa kidole gumba kama anayekunja pindo, bila kuangalia. Baba alivikagua vyote vinane kimoja kimoja. Usiku nilifungua daftari nikakuta safu mpya, imechorwa kwa rula kama kawaida: "Vikonyo (Mama)".

Sitamdanganya mtu: shamba hili halijarudisha fedha yake. Serikali ilipotangaza mwaka 2018 kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baba alipiga hesabu hadi usiku wa manane, akagundua gunia zetu mbili hazilipi hata nauli zetu za mwaka. Wanaotucheka kwamba tunalima kilimo cha simu wana haki yao, ingawa siku hizi simu inapigwa kutoka shamba kuja mjini, mama akituuliza kama tumekula.

Maana amehamia kule. Alianza kwa kulala siku mbili, zikawa wiki, kisha cherehani ikapanda pikapu, na baba akaifuata na redio yake. Vidaka vinafika kuwa nazi. Mwisho wa mwezi uliopita nilimpigia mama kumwambia sebule imepakwa rangi, aje basi akae nasi hata mwezi mmoja.

"Nije," akasema, "nguo zangu nikaanike wapi? Kamba yangu iko huku, na ina watu."