Punda asife, na mzigo ufike: matembezi ya Mbweni

Mbweni iko pwani ya magharibi ya Unguja, kilomita chache kusini mwa Mji Mkongwe, ndani ya Wilaya ya Magharibi 'B'. Anayetoka mjini kwa daladala hushika njia ya uwanja wa ndege, kisha hushuka na kukunja kulia kuelekea baharini. Hapo kelele za mjini hupungua. Kuna miembe mikubwa, minazi, kuta nyeupe za nyumba mpya, na ukifika ufukweni kuna mikoko. Ndege za abiria hupita chini kiasi cha watoto kuweza kusoma maandishi ubavuni. Kwa familia inayotafuta pa kutembea asubuhi ya siku ya mapumziko, bila kiingilio kikubwa wala safari ndefu, Mbweni inatosha.

Kitu cha kwanza cha kuwaonesha watoto ni magofu ya skuli ya wasichana ya Mtakatifu Maria. Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walinunua shamba la hapa mwaka 1871, wakajenga skuli kwa ajili ya wasichana waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya biashara ya watumwa. Kuanzia mwaka 1877 mwalimu wake alikuwa Caroline Thackeray, Mwingereza aliyebaki Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1926. Karibu na hapo lipo Kanisa la Mtakatifu Yohana. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza aliyehusika na mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko la watumwa, naye alikuwa na nyumba na bustani ya miti Mbweni.

Mzazi anayewasimulia watoto habari hizi hana haja ya kumlinganisha mwanadamu na mnyama. Inatosha waelewe kwamba mahali hapa palijengwa kwa ajili ya watu walioumizwa na waliowazidi nguvu. Somo la namna ya kutumia nguvu halijaisha, na wakirudi barabarani huenda wakakutana nalo likivuta gari la mchanga.

Mzigo wa nani?

Unguja bado inabebwa na wanyama kuliko wengi wanavyodhani. Magari ya ng'ombe na ya punda huchukua mchanga, mawe, matofali, kuni na majani ya ng'ombe katika vichochoro ambavyo lori haliingii, na kwa bei ambayo lori haliwezi. Zamani punda alikuwa na heshima zaidi. Punda weupe wa Maskati walipandwa na wakubwa wa mji, na Sayyida Salme, binti wa Sultan Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba la mfalme walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wadogo.

Leo punda amebaki na methali mbili. Moja inasema fadhila za punda ni mateke. Ya pili inasema punda afe, mzigo ufike. Ya kwanza humlaumu mnyama, ya pili humsahau kabisa. Watoto huzisikia zote mbili mapema, na wakimuona kijana akimchapa punda aliyesimama njiani, huona methali zimetimia.

Lakini tuhesabu kidogo. Punda wa kawaida wa Afrika Mashariki ana uzito wa kilo 120 hadi 180 hivi. Tofali moja zima la saruji linaweza kupita kilo 20. Matofali 30 ni zaidi ya kilo 600, bado uzito wa gari lenyewe na wa kijana aliyekaa juu yake. Kwenye lami tambarare, na magurudumu yaliyojaa upepo, mnyama huweza kuvuta mzigo unaozidi uzito wake. Kwenye mchanga, kwenye kilima, au gurudumu likiwa na upepo mdogo, mzigo ule ule hugeuka adhabu. Mvua ikinyesha, mchanga uliolowa huongezeka uzito ingawa kipimo cha macho ni kile kile.

Na aliyeagiza mzigo ni nani? Mara nyingi ni mwenye nyumba anayejenga, baba au mama mwenye familia, anayesema "leta zote kwa safari moja." Mwendesha gari hulipwa kwa safari. Akikataa, kazi huenda kwa mwenzake. Kwa hiyo fimbo inayoonekana mkononi mwa kijana ina mikono mingine nyuma yake.

Mdomo, mgongo na kifua

Mnyama wa kazi huumizwa zaidi na vifaa alivyovishwa mchana kutwa kuliko na kipigo cha mara moja. Mtoto wa miaka 7 anaweza kufundishwa kuviangalia, kuanzia kichwani.

Ndani ya mdomo wa farasi na punda, kati ya meno ya mbele na magego, pana nafasi isiyo na meno. Hapo ndipo lijamu hukaa, yaani kile chuma kinachofungwa kwenye hatamu. Nafasi ile si tupu. Kuna ulimi, na chini yake mfupa uliofunikwa na ngozi laini na nyembamba. Lijamu laini katika mkono mwepesi hufikisha ujumbe. Lijamu lenye mikono mirefu pembeni huzidisha nguvu kama mtaimbo, hivyo mvuto mdogo wa kamba huwa mkubwa mdomoni. Katika nchi nyingi ambako punda hufanya kazi, waya, kipande cha nondo au mnyororo wa baiskeli hutumiwa badala ya lijamu. Vitu hivyo hukata pembe za mdomo na kuchubua ulimi, na mnyama mwenye mdomo uliochubuka hali vizuri. Punda wengi hawahitaji chuma chochote mdomoni. Hatamu ya kitambaa kipana kichwani hutosha kuwaongoza.

Juu ya pua nako kuna jambo. Farasi na punda hupumua kwa pua tu, hawawezi kutweta kwa mdomo kama mbwa. Mkanda uliokazwa puani humzuia mnyama kufungua mdomo anapoumia, na kamba nyembamba ya nailoni ikishuka chini humbana pumzi.

Kifuani ndipo tofauti kati ya ng'ombe na punda inapoonekana. Ng'ombe wetu wana nundu, na nira hukaa mbele ya nundu ile. Punda hana nundu. Shingo yake haikuumbwa kwa nira, yeye husukuma kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana kifuani na tandiko lililojazwa vitu laini mgongoni, lililoacha uti wa mgongo wazi bila kubanwa. Punda aliyefungwa nira ya ng'ombe au kamba tupu hupata kidonda, na kidonda kile hakiponi kwa sababu kesho kamba inarudi pale pale. Kuweka gunia juu ya kidonda hakutibu, huficha tu. Pamba, kitambaa cha zamani au blanketi lililokunjwa vizuri na kufuliwa mara kwa mara hugharimu kidogo kuliko siku tatu za punda kulala bila kazi.

Ubishi wa punda

Kipigo huja zaidi punda anaposimama. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama, akitazama na kupima. Akiona daraja asilolijua, dimbwi lisiloonekana chini, au turubai linalopepea, hugoma. Watu huita ubishi. Ukimpiga wakati ule, unamthibitishia kwamba mahali pale ni pa hatari kweli. Vile vile punda huficha maumivu. Aliyetulia, masikio yamelala, kichwa kimeshuka, huenda si mpole bali amechoka au anaumwa.

Wazee wa kanisani wanakijua kisa cha Balaamu katika Kitabu cha Hesabu, aliyempiga punda wake mara tatu kwa kukataa njia, kumbe punda ameona hatari ambayo bwana wake hakuiona. Chuoni nako watoto hufundishwa kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikataza kumpiga mnyama usoni na kumtia chapa usoni, na kwamba mtu alisamehewa kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu. Mafunzo haya hayahitaji kuletwa kutoka mbali. Yako msikitini na kanisani, hatua chache kutoka barabarani.

Si Unguja peke yake

Asidhani mtu kwamba ukatili huu ni wa maskini tu. Mwaka 1877 Mwingereza Anna Sewell alichapisha Black Beauty, hadithi inayosimuliwa na farasi mwenyewe, na moja ya shabaha zake ilikuwa hatamu iliyovuta vichwa vya farasi juu kwa nguvu ili magari ya matajiri yapendeze. Farasi walishindwa kuvuta sawasawa na kupumua vyema, kwa ajili ya mapambo.

Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, farasi aitwaye Saint Boy aligoma kuruka vizuizi katika mashindano ya michezo mitano. Kocha wa Ujerumani alimpiga kwa ngumi, akaondolewa mashindanoni. Baadaye chama cha mchezo huo kiliamua kuacha kabisa kupanda farasi baada ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Mwaka huo huo Charlotte Dujardin wa Uingereza, mshindi wa medali tatu za dhahabu za Olimpiki, alijitoa Paris baada ya kuonekana video akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi wakati wa mafunzo. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa farasi lilimfungia mwaka mmoja. Wenye vifaa vya bei ghali na walimu wa kila aina wamejikuta mahali pale pale alipo kijana wa gari la punda, ila yeye hana wa kumfundisha.

Karibu na kwetu, Lamu imeonesha njia nyingine. Mji ule wenye vichochoro hutegemea punda kwa karibu kila mzigo. Shirika la Donkey Sanctuary lilifungua kituo cha punda hapo mwaka 1987, ambako wagonjwa hutibiwa bila malipo, na kumekuwa na mashindano ya punda waliotunzwa vizuri. Hapo watoto hushindania afya ya mnyama badala ya kushindania kumkimbiza.

Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mifugo si jambo la Muungano, na Zanzibar inayo wizara yake na maofisa wake wa mifugo. Anayeona mnyama mwenye vidonda huanza kwa sheha au ofisi ya mifugo ya wilaya, na kwa maneno mazuri kwa mwenye mnyama. Kijana akitukanwa mbele za watu, hasira zake humfikia punda.

Watoto waangalie nini?

Katika matembezi ya Mbweni, au familia inapofika fukwe za Nungwi na Paje ambako farasi hukodishwa kwa wageni, mzazi anaweza kuwapa watoto kazi ya kuangalia mambo haya kabla ya kulipa au kupanda:

Pembe za mdomo: je, ni safi, au zimechanika?

Mgongo, mabega na kifua: je, kuna sehemu zisizo na manyoya, alama nyeupe au vidonda chini ya tandiko? Mwenye mnyama mzuri hakatai kuinua tandiko.

Mkanda wa pua: vidole viwili vya mtu mzima vinapita chini yake?

Kwato: ni fupi na sawa, au zimerefuka na kupinda?

Maji na kivuli: viko wapi?

Uzito: nchini Uingereza, kikomo cha mtu anayepanda punda wa ufukweni ni kilo 50 hivi. Punda ni wa mtoto, si wa baba.

Mkono wa anayemfundisha: je, mnyama akifuata, kamba hulegezwa mara moja? Kulegeza kamba ndiyo zawadi yake. Anayevuta bila kuacha hafundishi kitu.

Jibu likiwa baya, familia haipandi, na mzazi anamwambia mwenye farasi sababu kwa upole. Pesa isiyolipwa kwa sababu iliyotajwa husikika.

Kwa wanaojenga, kazi ni rahisi zaidi. Wagawe mzigo safari mbili na walipe zote mbili. Wampe punda ndoo ya maji mzigo unaposhushwa, na waache watoto waibebe ndoo ile. Watamuona mnyama akinywa bila kuinua kichwa mpaka chini ya ndoo, masikio yakicheza kila anapomeza. Mtoto aliyekiona hicho hatashika fimbo haraka, na tofali la mwisho litafika tu, dakika kadhaa baadaye.