Hisabati ya Watu Wazima na Kazi ya Mwalimu wa Lugha

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kujihesabu kuwa watu wa ushairi, hadithi, methali na sarufi. Mambo ya hesabu tumewaachia wenzetu wa chumba cha pili, nao wametuachia ngeli na mizani. Mgawanyo huo una faida yake, lakini una hasara pia, na hasara hiyo huonekana wazi pale wanafunzi wanapokuwa watu wazima na chombo cha kufundishia kinapokuwa kompyuta. Jambo hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa kutumia yale niliyoyashuhudia katika mji wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya.

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja upande huu wa mpaka na wa pili upande ule. Baiskeli zilizokuwa zikivusha abiria katika mpaka huu ndizo zilizolipa jina neno bodaboda, ambalo leo lajulikana Afrika Mashariki nzima. Wakazi wake ni Wasamia, Wateso, Waganda na wengine wengi, na sokoni wote hukutana katika Kiswahili. Kwa hiyo, darasa la jioni la watu wazima lilipofunguliwa katika chumba cha kompyuta cha shule, ili kuwatayarisha kwa mtihani wa mwaka wa nne wa sekondari, mwalimu wa hisabati aliniomba niketi pamoja naye. Mtihani ni wa Kiingereza, na maandishi katika kompyuta yalikuwa ya Kiingereza. Lakini maswali ya wanafunzi yalikuwa yakija kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wanaojua wanachokisema. Palikuwa na akina mama wabadilishaji fedha, seremala, madereva na wauza nafaka.

Programu iliyotumika ni GeoGebra. Jina lake limeunganishwa kutokana na maneno mawili, jometri na aljebra, na Markus Hohenwarter alianza kuitunga mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, nchini Austria. Walimu na wanafunzi huipata bure, na ikishawekwa katika kompyuta yaweza kufanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwetu si dogo. Upande mmoja wa kioo huonyesha mchoro, na upande wa pili huonyesha mlinganyo wa mchoro huohuo. Ukivuta mstari kwa mkono, namba hubadilika. Ukibadilisha namba, mstari nao husogea. Mtu ambaye kwake herufi x ilikuwa fumbo tangu utotoni huona kwa macho yake kwamba herufi ile ni nafasi tu, inayongoja namba yoyote atakayoitia.

Siku moja mwalimu mwenzangu alimtaka mama mmoja mbadilishaji fedha atoe mfano wa kazi yake. Tuchukulie, akasema mama, kwamba ananunua shilingi 1 ya Kenya kwa shilingi 27 za Uganda, na kuiuza kwa 29. Mwalimu akaandika y = 27x, kisha y = 29x. Mwanzoni mistari ile miwili ilisimama wima na kubanana kama mmoja, mpaka vipimo vya mhimili wa wima vilipobadilishwa. Hapo ikaonekana kuwa yote miwili yaanzia mahali pamoja, penye sifuri, na kadiri iendavyo mbele ndivyo inavyoachana. Kwenye shilingi 1,000 za Kenya nafasi iliyo katikati ni shilingi 2,000 za Uganda. Kwenye 10,000 ni shilingi 20,000. Mama yule alitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hapo katikati ndipo ninapokula." Darasa lilicheka, lakini ndani ya maneno yale mlikuwa na mlinganyo kamili: faida ni 2x. Kompyuta ilikuwa imechora mistari miwili tu. Aliyeuona mstari wa tatu ni yeye, na aliuona kwa lugha ya kazi yake.

Likafuata swali ambalo lilinihusu mimi. Mwalimu wa hisabati alisema kuwa 27 na 29 ndiyo miteremko ya mistari ile. Dereva mmoja akainua mkono: "Mwalimu, samahani. Mstari huu unapanda. Mbona mnauita mteremko?" Kamusi hutupatia mteremko, na pia mwinamo, na maneno yote mawili yamsukuma msikilizaji kufikiri juu ya kushuka. Nilimwuliza yeye mwenyewe: barabara ya mlimani, kwa anayekwenda na kwa anayerudi, ni barabara ngapi? Akajibu kuwa ni moja, ila mmoja hubadilisha gia na mwingine hukanyaga breki. Basi tukakubaliana kwamba mstari husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kwamba anayepanda mteremko wake ni chanya, anayeshuka mteremko wake ni hasi. Toka siku ile alama ya kutoa mbele ya namba haikuwatisha tena.

Seremala naye alikuwa na lake. Mwalimu alichora umbo lenye pande nne zilizo sawa, akamwambia avute kona moja. Umbo likalala upande kama fremu ya dirisha iliyosukumwa, na pande zikabaki sawa vilevile. Mzee huyo hakushangaa hata kidogo. Alieleza kwamba fundi hatosheki kupima pande; hupima pia kona kwa kona, na vipimo viwili vya kona kwa kona vikilingana ndipo hujua fremu imekaa mraba. Tulipima katika kompyuta, ikawa hivyo. Ndipo nilipowaomba waiandike habari hiyo kwa sentensi moja. Wengi waliandika, "Mraba una pande nne sawa." Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haikubali kugeuzwa, kwani si kila chenye pande nne sawa ni mraba. Ilitubidi tutafute maneno: ikiwa pande nne ni sawa, na ikiwa pia vipimo vya kona kwa kona ni sawa, basi umbo ni mraba. Haya maneno ikiwa, basi, pia, kila, si kila, kwa kuwa, ni mali ya nani, ndugu zangu, kama si yetu? Tunayafundisha katika somo la viunganishi, tukitoa mifano ya mvua na shamba, nayo ndiyo mifupa ya kila uthibitisho wa jometri.

Muuza nafaka alitufundisha jambo jingine. Gunia la shilingi 50,000 likipanda bei kwa asilimia 20, huwa 60,000. Bei hiyo ikishuka kwa asilimia 20, wengi hudhani itarudi 50,000. Lakini programu ilitoa 48,000, na watu wakadhani mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni swali fupi la Kiswahili: asilimia ishirini ya nini? Mara ya kwanza ni ya 50,000, mara ya pili ni ya 60,000. Kadhalika, kupanda kwa kiasi fulani ni mbali na kupanda hadi kiasi fulani, na mfanyabiashara asiyetenga kwa na hadi hupata hasara ambayo hakuna kikokotoo kitakachomwonyesha.

Sisemi haya kwa kuidharau kompyuta. Kwa mtu mzima ina sifa moja kubwa: haina haraka na haicheki. Mtu mwenye wajukuu aweza kukosea mara ishirini mbele yake bila kuona haya, jambo ambalo ubaoni asingelithubutu kulifanya. Lakini ikishamwonyesha kuwa jambo ni hivi, haimwulizi kwa nini ni hivi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na kuuliza kwataka lugha ambayo muulizaji anaimudu. Asiye na maneno ya kuulizia hutazama mistari ikisogea, akafurahi, akaenda nyumbani kama alivyokuja.

Maneno hayo hatuhitaji kuyabuni upya yote. Tanzania ilipoamua mwaka 1967 kufundisha shule za msingi kwa Kiswahili, hisabati ilikuwamo, na mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wakulima walijifunza kuandika na kuhesabu kwa lugha hii. Kwa jitihada za miaka hiyo na iliyofuata tunazo pembetatu, mstatili, kipenyo, mzingo, mlinganyo, wastani na namba tasa. Tangu kale tunazo nusu, theluthi, robo, sudusi na thumuni, ambazo wazee wa pwani wamezitumia katika kugawa mirathi. Kwetu Uganda, Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kianze kutumiwa hivyo. Lugha iliyo rasmi yapaswa iweze kueleza kwa nini mistari miwili inaachana.

Kwa hiyo rai yangu kwa walimu wenzangu ni nyepesi. Palipo na darasa la jioni na kompyuta, mwalimu wa Kiswahili amwombe mwenzake wa hisabati nafasi ya kuketi nyuma, awe na daftari, aandike kila swali waulizalo watu wazima na kila neno walitumialo. Daftari langu mwenyewe limekwisha kujaa. Nitafurahi kulilinganisha na la mwalimu wa Bukavu, wa Bujumbura au wa Kigali, kwani huenda tukakuta kwamba dereva wa huko, akiutazama mteremko unaopanda, ana neno lililo bora kuliko la kwetu.