Mashine ya rili na sauti ya marehemu Babu

Najua nimekuwa kimya mno, zamu za usiku zimenikaba. Mama Mdogo ananiuliza kila tukiongea: ile tepu uliyobeba kutoka Tanga umeifikisha wapi? Haya, jibu ndilo hili.

Kwanza ilibidi nipate mashine. Nimenunua Revox A77, rekoda ya Uswisi iliyoanza kuuzwa mwaka 1967. Ina mota tatu na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Nimeinunua kwa mzee mmoja hapa Leeds, paundi 160, haijajaribiwa. Jamani, mashine iliyolala miaka mingi msiichomeke kwenye umeme hivi hivi! Ndani kuna kapasita za zamani ambazo zikishtuliwa na umeme hupasuka na kujaza nyumba moshi unaonuka. Fundi alizibadilisha kwanza, mashine ikiwa bado haijawashwa.

Usafi nafanya mwenyewe, kazi ya nesi hiyo. Vijiti vya pamba na spiriti ya isopropili, nasugua vichwa vya kusomea na kila chuma ambacho tepu inakigusa, mpaka pamba itoke nyeupe. Pamba ya kwanza ilitoka kahawia kama ya kidonda. Kisha kuna kifaa cha kuondoa sumaku kwenye vichwa. Unazima mashine, tepu unaziweka mbali kabisa, unakisogeza polepole na kukirudisha polepole. Ukikizima kingali karibu, unaacha sumaku zaidi ya ile uliyoikuta.

Sasa tepu yenyewe. Binamu ameniandikia kwamba amesoma tepu za zamani huokwa kwenye oveni. Ni kweli, lakini hizo ni baadhi ya tepu za miaka ya 1970 na 1980, ambazo gundi yake hunyonya unyevu na kunata. Ya Babu ni ya asetati: ukiinua rili kwenye mwanga, mwanga unapenya, na inanukia siki kidogo. Ya namna hii ukiipasha moto umeiua. Naizungusha taratibu tu.

Nikaiweka. Ikatoka sauti ya kifaranga! Kumbe ilirekodiwa kwa mwendo wa sentimita 4.75 kwa sekunde, na mashine yangu inaanzia 9.5. Nikainakili kwenye kompyuta kwa Audacity, programu ya bure, nikapunguza mwendo nusu. Ndipo Babu akakohoa, akasema "bismillahi", akaanza kutaja majina ya waliofika harusi ya Shangazi mwaka 1968. Nililia, sisemi uongo. Mimi sikumkuta Babu hai.

Katikati kuna mwanamke anamkatiza, anacheka, anamwita "Bwana Mkubwa". Ni Bibi, au ni yule jirani wa Chumbageni? Mama amesikiliza kwa simu, anasema hana hakika. Shangazi, wewe ndiye bi harusi, nimekutumia kipande hicho: sikiliza uniambie, kwa sababu sauti ya Bibi hatuna popote pengine.

Na zile rili nyingine mbili juu ya kabati kwa Mjomba, tafadhali ziteremsheni zisikae chini ya bati, zinapata joto huko. Mfuko wa karatasi, kivulini, mbali na spika. Msizijaribu kwenye mashine yoyote. Desemba nakuja kuzichukua mwenyewe.

Zamu saa mbili usiku. Wasalimieni wote.